Siku ya Kuonja Asali Tabora Pamoja na Marafiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa wageni tunaowaongoza, hasa vikundi vya marafiki wanaopita Tabora wakielekea Kigoma, Katavi au Mwanza, ambao wanataka kutumia siku moja nzima kuijua asali ya hapa kwa ulimi wao wenyewe. Tumeyajibu kwa urefu pale ambapo jambo lenyewe lina mengi ya kueleza.

Siku ya kuonja asali ni siku ya namna gani?

Ni siku ambayo kikundi, chini ya mwongozaji anayeifahamu misitu na anayewafahamu wafugaji nyuki, huanzia penye miti ambayo nyuki hukusanya mbochi, yaani maji matamu ya maua, hupita penye mizinga, na kisha huketi mezani kuonja asali kadhaa moja baada ya nyingine kwa utaratibu. Lengo si kula asali nyingi. Lengo ni kutambua kwamba asali ya msitu mmoja si asali ya msitu mwingine, na kwamba asali ya Juni si ile ya Desemba, hata kama imetoka katika mzinga uleule. Mtu aliyezoea kununua chupa dukani bila kuuliza imerinwa wapi wala lini hushangaa sana anapowekewa vijiko vitano mbele yake na kukuta kila kimoja kina harufu yake.

Kwa nini Tabora, ilhali asali inapatikana karibu kila mkoa?

Kwa sababu ya msitu wa miombo. Sehemu kubwa ya mkoa huu, ulioko kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, imefunikwa na miti ya jamii hiyo: mtundu, miyombo, muba, mninga na mingine mingi, ambayo mingi yake huwapa nyuki mbochi na chavua kwa wingi. Wanyamwezi walikuwa warina asali tangu zamani, na wakati wa ukoloni nta ya Tabora ilikuwa bidhaa iliyosafirishwa nje kwa wingi. Hapa mjini pia kuna Chuo cha Mafunzo ya Ufugaji Nyuki, ambacho kimetoa wataalamu wanaofanya kazi katika mikoa mbalimbali ya nchi. Kwa hiyo mgeni anayekuja Tabora kuonja asali hukutana na maarifa ya babu aliyejifunza kwa baba yake, na hukutana vilevile na maarifa ya kijana aliyesomea kazi hiyo darasani, na mara nyingi wawili hao huwa wa ukoo mmoja.

Tuje mwezi gani?

Mavuno makubwa hufanyika mvua zinapokwisha, kati ya Mei na Julai, na hayo ndiyo majira tunayoyapendekeza kwa kikundi kinachokuja kwa mara ya kwanza. Barabara za msituni huwa zimekauka, asubuhi kuna ubaridi mzuri, na asali mpya imeanza kufika mezani. Mavuno mengine, ambayo kwa kawaida huwa madogo zaidi, hufuata maua ya miti inayochanua kabla ya mvua, nayo hurinwa kuelekea Novemba na Desemba. Anayependa kuona msitu ukiwa katika uzuri wake aje Septemba au Oktoba, wakati miombo inapotoa majani machanga yenye rangi nyekundu na ya shaba kabla hata tone la mvua halijaanguka. Lakini afahamu kwamba wakati huo asali ataonja ile iliyohifadhiwa, si iliyotoka kurinwa. Kuanzia Januari hadi Machi hatupokei vikundi vinavyotaka kwenda mbali msituni, kwa kuwa magari hukwama.

Tunafikaje Tabora?

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na hadi leo mji huu ndio njia panda ya treni za Kigoma, Mwanza na Mpanda. Kutoka Dar es Salaam kwa reli hiyo ni kilomita zipatazo 840. Kwa basi, njia ya lami kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi ndiyo ya mkato; wanaotoka Mwanza na Shinyanga hupitia Nzega. Kuna pia uwanja wa ndege. Tunashauri mfike jioni ya siku iliyotangulia, mlale vizuri, kwa sababu ulimi wa mtu aliyekesha safarini hauonji sawasawa.

Siku yenyewe hupangwaje?

Tunaondoka mjini saa moja asubuhi, mkiwa mmekunywa chai nyepesi isiyo na pilipili wala tangawizi kali. Kwa kawaida tunashika barabara ya kusini kuelekea Sikonge, wilaya yenye misitu mikubwa, kisha tunaingia njia ya vumbi. Asubuhi yote ni ya kutembea polepole: mwongozaji anaonyesha miti, anaeleza upi unachanua lini, na anawafikisha mahali ambapo mizinga imetundikwa juu ya matawi, mbali na nyegere na siafu. Kuonja hufanyika kuanzia saa tano, kivulini, kabla ya chakula cha mchana. Hatukubali kubadilisha mpangilio huu hata kikundi kikiomba, kwa kuwa baada ya ugali na mchuzi mtu hawezi tena kutofautisha asali mbili zinazokaribiana.

Chakula cha mchana ni cha nyumbani: ugali, kuku wa kienyeji, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, na migebuka ya Ziwa Tanganyika ikiwa imepatikana. Alasiri, wanaopenda historia hupelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe, nyumba ya jadi ya udongo, ambalo wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley waliishi mwaka 1872. Wanaopenda nyuki zaidi hubaki msituni kusubiri urinaji wa jioni.

Je, nyuki watatuuma?

Inawezekana, na hatutamdanganya mtu yeyote juu ya hilo. Nyuki wakubwa wa misitu hii, wale wenye mwiba, ni wakali kuliko nyuki wa Ulaya, na hulinda mzinga wao kwa pamoja. Ndiyo maana mizinga mingi mtaitazama kwa mbali, na atakayetaka kusogea karibu wakati wa kurina atavaa mavazi kamili ya kinga: kofia yenye wavu, glavu, na buti ambazo suruali imefungwa juu yake. Kurina hufanyika jioni jua linapozama, wakati nyuki wametulia, kwa kutumia bomba la moshi, kifaa cha mkononi cha kupulizia nyuki moshi.

Mambo matatu tunayasisitiza. La kwanza, msijipake manukato wala mafuta yenye harufu kali asubuhi hiyo. La pili, msile ndizi mbivu kabla ya kwenda kwenye mizinga, kwa kuwa harufu ambayo nyuki huitoa anapouma ili kuwaita wenzake inafanana sana na ya ndizi mbivu, na nyuki hawasubiri kuchunguza. La tatu, ukiumwa usipunge mikono. Kwangua mwiba haraka kwa ukucha, ondoka mahali hapo kwa mwendo wa kawaida, na umjulishe mwongozaji.

Yeyote ambaye amewahi kuvimba uso au koo, au kupumua kwa shida baada ya kuumwa na nyuki, atuambie kabla ya siku ya safari. Huyo tutampokea mezani kwa furaha, ila mizingani hatutampeleka, hata akisisitiza. Dharura ikitokea, hospitali kubwa tunayoitegemea ni ile ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, mjini, na gari letu haliondoki msituni mpaka mgeni wa mwisho arudi.

Asali huonjwaje hasa?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote.

Kila mtu huwekewa vikombe vidogo vya kioo, vitano au sita, visizidi hapo. Katika kila kikombe tunamimina asali kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Tunaanza na ile nyepesi yenye rangi ya majani makavu, tunapanda hadi ile nzito yenye rangi ya kahawia iliyokolea. Tukianza na nzito, nyepesi zote zitakazofuata zitaonekana kama maji ya sukari. Funika kikombe kwa kiganja, kishike kwa mkono mwingine mpaka kipate joto la mwili, kisha fungua na unuse kabla ya kuonja. Pua ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi. Wengine husikia harufu ya maua, wengine ya matunda yaliyoiva sana, wengine ya gome la mti lililoloa, na kuna asali za msimu wa kiangazi ambazo harufu yake inakaribia ile ya sukari iliyoanza kuungua sufuriani.

Baada ya kunusa, chukua kidogo kwa kijiko cha mti, iweke katikati ya ulimi, funga mdomo, na uiache iyeyuke bila kuitafuna. Pumua nje kwa pua. Ladha ya kwanza ni utamu, nao hauelezi mengi, kwa sababu kila asali ni tamu. Subiri ya pili. Hapo ndipo utakaposikia uchachu mdogo pembeni mwa ulimi, au uchungu unaokuja nyuma ya koo na kukaa, au ukali unaokwaruza kidogo. Asali nzuri ya miombo hubadilika mdomoni mara mbili au tatu kabla ya kwisha. Kati ya kikombe na kikombe, kula kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi na unywe maji ya kawaida yasiyotoka kwenye friji.

Tunawaomba marafiki wasizungumze mpaka kila mmoja awe ameonja na kuandika neno lake kwenye karatasi. Mmoja akisema kwa sauti kwamba anasikia harufu ya embe, basi meza nzima itasikia embe. Maneno yakisomwa baadaye, mjadala unaozuka baina ya watu waliojuana miaka mingi ni sehemu bora ya siku, nasi hatuukatizi.

Je, tutaonja asali ya nyuki wadogo?

Ikipatikana, ndiyo, na huwekwa mwisho. Nyuki hawa hawana mwiba wa kuuma, huishi ndani ya mapango ya miti na penye nyufa, na huhifadhi asali katika vijungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu, si katika masega tuliyoyazoea. Asali yao ni nyepesi, ina maji zaidi, na ni chachu kiasi cha kumshtua asiyeijua. Kiasi kinachopatikana katika kiota kimoja ni kidogo, hivyo bei yake huwa juu. Watu wengi hapa huitumia kama dawa ya kifua. Sisi tunaiweka mezani kwa ajili ya ladha yake, ambayo haina mfano.

Mbona asali nyingine ina ladha ya moshi?

Kwa sababu ilirinwa kwa mwenge wa moto badala ya bomba la moshi, au kwa sababu mrinaji alikawia. Asali hunyonya harufu upesi. Wapo wageni wanaoipenda ladha hiyo na kuiita ya asili, nasi hatuwakatazi, lakini kwa maoni yetu moshi ni kasoro, kwani hufunika harufu ya maua ambayo nyuki wamehangaika kuikusanya. Kasoro nyingine ni kukamua sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki, pamoja na asali. Ladha yake huwa ya maziwa yaliyolala, na asali hiyo huharibika haraka. Mrinaji makini huchagua masega ambayo sehemu kubwa ya vyumba vyake imezibwa kwa nta nyeupe, kwa kuwa nyuki huziba chumba pale tu asali inapokuwa imepungua maji vya kutosha.

Tutajuaje kwamba asali ni halisi? Tumesikia habari za njiti ya kiberiti.

Tumesikia nasi: njiti iliyochovywa asali ikiwaka, asali ni safi, tone likizama kwenye maji bila kuyeyuka, ni safi, karatasi isipoloa, ni safi, sisimizi wasipoisogelea, ni safi. Tungependa sana wageni wetu waondoke Tabora wakiwa wameachana na majaribio haya. Njiti, maji na karatasi vyote hupima jambo moja tu, yaani wingi wa maji, na shira ya sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito hufaulu mitihani yote mitatu. Asali halisi iliyorinwa mapema kidogo, au ya nyuki wadogo, hushindwa. Sisimizi nao hula asali halisi bila wasiwasi wowote.

Mezani tunatumia kipimo kidogo kiitwacho refraktomita. Unaweka tone moja juu ya kioo chake, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Mstari wa kivuli unakuonyesha asilimia ya maji. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka maji yasizidi asilimia 20, kwa kuwa juu ya hapo asali huelekea kuchacha. Kila mgeni hupewa nafasi ya kusoma mwenyewe. Hata hivyo, kipimo hiki hakiwezi kumnasa mtu aliyechanganya asali na shira ya miwa. Hilo hugunduliwa maabara, kwa kuchunguza aina za kaboni zilizomo, kwa sababu muwa hujenga sukari yake kwa njia tofauti na miti mingi ya maua. Chavua nayo ikitazamwa kwa hadubini hueleza nyuki walitembelea maua gani.

Kwa mnunuzi wa kawaida asiye na maabara, ulinzi mkubwa ni kumjua mrinaji na msitu wake. Muulize ilirinwa mwezi gani, wapi, na kwa mzinga wa aina gani. Mwenye asali yake atakujibu bila kusita, na mara nyingi atakueleza zaidi ya ulivyouliza.

Asali iliyoganda imetiwa sukari?

Hapana. Kuganda ni tabia ya asali halisi, hasa yenye glukosi nyingi, na hutokea upesi zaidi kwenye baridi. Usiiweke kwenye friji. Ukitaka iyeyuke, weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, na usiichemshe kamwe, kwani joto kali huondoa harufu.

Wanzuki utakuwepo?

Wanzuki ni kinywaji cha asali iliyochanganywa na maji na kuachwa ichachuke, na watu wa Unyamwezi wamekinywa kwa vizazi vingi. Siku hizi mwingi unaouzwa hutengenezwa kwa sukari. Sisi huagiza uliotengenezwa kwa asali, kutoka kwa mama anayeujua, na huonjwa jioni tukisharudi mjini. Uliochachuka vizuri huwa na rangi ya ukungu wa manjano, povu jepesi, na utamu uliobaki kidogo tu. Nguvu yake hutofautiana sana kati ya pipa na pipa, kwa hiyo tunamimina glasi ndogo na kuwaomba wageni wasiichukulie kuwa soda. Hapewi mtu aliye chini ya miaka 18 wala dereva. Tabora ina Waislamu wengi, na vikundi vyetu vingi huwa na wanaokunywa na wasiokunywa. Kwa hao wa pili tunaandaa maji ya asali na ndimu, na meza inabaki moja.

Je, watoto na wagonjwa wa kisukari wanaruhusiwa?

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kwa ncha ya kidole, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha sumu hatari katika utumbo wake ambao bado haujakomaa. Watoto wa miaka minane na kuendelea huwa waonjaji wazuri sana. Mwenye kisukari afahamu kwamba asali ni sukari, pamoja na sifa zake zote, na aje akiwa ameshauriana na daktari wake.

Tuvae nini?

Mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vya kufunika, vyote vya rangi hafifu kama kaki au kijivu cheupe. Nguo nyeusi huwachokoza nyuki, na nyeusi pamoja na buluu huwavuta mbung'o, ambao wapo katika misitu hii.

Je, siku hii inawanufaisha wafugaji, au inaharibu msitu?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Mizinga ya jadi ya magome hutengenezwa kwa kubandua gome la mti mzima, na mti huo hufa. Wazee wanalijua hilo, na wengi wamehamia kwenye mizinga ya mbao, ya masanduku, ambayo mingine hutundikwa na mingine huwekwa juu ya vichanja. Tishio kubwa zaidi ni ukataji wa miti kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani. Mfugaji nyuki ana sababu ya kuulinda msitu uliosimama, na kila lita anayoiuza kwa bei nzuri humwongezea sababu hiyo. Kwa hiyo katika malipo yenu, fungu la mfugaji huandikwa wazi kwenye risiti, nasi hatupunguzi fungu hilo hata kikundi kikipewa punguzo.

Tunaweza kununua asali na kusafiri nayo?

Mnaweza, moja kwa moja kutoka kwa mfugaji. Chagueni chupa za kioo au dumu safi la plastiki la chakula. Chombo cha chuma hakifai, kwani asali ina asidi. Fungeni kifuniko kwa nailoni na msimamishe chupa wima, hasa kwenye treni. Kwa ndege, iwekwe kwenye mzigo unaopelekwa chini, na wanaotoka nje ya nchi waulize kwanza kama nchi yao inaruhusu kuingiza asali, kwa kuwa kadhaa zinakataza ili kulinda nyuki wao. Nyumbani, ihifadhiwe kabatini, mbali na jua, vitunguu na sabuni, na kifuniko kikiwa kimekazwa.

Nafasi huwekwaje?

Kikundi kiwe cha watu wanne hadi kumi, na taarifa itufikie wiki mbili kabla, ili tupate muda wa kuwasiliana na wafugaji walioko kambini, ambako mara nyingi hakuna mtandao wa simu. Bei huandikwa na kutumwa kabla ya malipo yoyote, ikijumuisha usafiri, mwongozaji, mavazi ya kinga, chakula cha mchana na vikombe vyote vya kuonja. Mvua kubwa ikinyesha, sehemu ya msituni huahirishwa na kuonja hufanyika mjini. Fedha ya sehemu iliyokosekana hurudishwa siku hiyohiyo.